Tarishi wa Baba na Mama

Mama alinyamaza mwezi wa tatu, mvua zilipokaribia kuanza, na alimnyamazia mtu mmoja tu. Sisi watoto alizungumza nasi kama kawaida. Kuku aliwafokea kama kawaida. Kwenye kwaya ya kanisa sauti yake ndiyo iliyofika hadi barabarani. Baba peke yake ndiye aliyekosa neno.

Sababu ilikuwa cherehani. Tulikaa karibu na soko la Migwani, na mama alishonea nusu ya watoto wa soko hilo sare za shule. Siku moja alipokuwa ameenda matangani kwao, shangazi yetu, dada wa baba, alikuja kutoka Tseikuru, akaizunguka ile cherehani mara mbili, akasema hata yeye angeweza kushona kama angekuwa na kifaa. Baba hakuwahi kumnyima dada yake kitu. Aliifunga kwa magunia, akaipandisha juu ya basi. Mama aliporudi alikuta sakafuni alama nne za miguu ya cherehani. Akachukua ufagio, akazifagia. Hakuuliza hata swali moja.

Baba naye alikuwa karani wa josho la ng'ombe, mtu aliyezoea kupiga ukelele mmoja na ng'ombe mia wakapanga foleni. Alingoja mama aanze. Mama akangoja yeye. Ndivyo mimi, kifungua mimba mwenye miaka kumi, nilivyopata kazi yangu ya kwanza.

"Mwambie baba yako chakula kiko tayari," mama alisema, na baba ameketi hatua tatu kutoka hapo.

"Baba, chakula kiko tayari."

"Mwambie mama yako nimesikia."

"Mama, amesikia."

"Mwulize kama amesikia mbona haji."

Ndugu yangu aliyenifuata alijaribiwa siku moja tu. Mama alimtuma akaulize kama ng'ombe amekunywa maji. Akaenda kwa baba, akasimama wima kama askari, akasema: "Mama anauliza, wewe ng'ombe, umekunywa maji?" Akafutwa kazi papo hapo, nami nikarudishwa.

Kilichokuwa kigumu zaidi ni sala ya chakula. Kwetu hakuna aliyegusa kijiko kabla ya sala, na wote wawili waligundua kwamba ukiongea na Mungu huhesabiwi kuwa umeongea na mtu. Mama alifumba macho, akaanza: "Ee Bwana, wewe waona yote, hata yule anayetoa kitu kisicho chake, mwenyewe akiwa matangani." Alipofika amina, baba aliidaka sala kabla haijatua: "Na tena, Ee Bwana, wakumbushe wale wenye mioyo ya mawe kwamba dada ni damu." Mama akaanza upya. Muthokoi wetu, mahindi yaliyokobolewa na maharagwe, ulipoa juu ukafanya ngozi, na sisi watoto tukiwa tumefumba macho tuliusikia ukipoa.

Nilicheka, lakini miaka mingi baadaye. Wakati ule niliyarudia maneno ya kila ujumbe midomoni tangu asubuhi hadi nilale. Niliogopa kukosea neno moja, nyumba ianguke, na iwe ni mimi niliyeiangusha.

Mahali nilipoisahau hofu hiyo ni kwa rafiki yangu. Tulikalia dawati moja shuleni. Kwao walikuwa Waislamu, wana duka la vitambaa pale sokoni, na nyuma ya duka kulikuwa na ua ambamo watu kumi na mmoja waliongea kwa wakati mmoja na hakuna aliyemsikiliza mwenzake. Nilikwenda huko kila siku baada ya shule, kwa kisingizio cha kuazima kitabu cha hesabu. Kitabu chenyewe kilikuwa kimoja, tulikitumia sote wawili, na kilikuwa changu.

Bibi yake, aliyezaliwa pwani, alikaa mkekani mlangoni akikagua Kiswahili cha kila aliyepita.

"Nimekuja kuona rafiki yangu, iko ndani?" nilimwuliza siku ya kwanza.

"Iko? Rafiki yako ni sufuria?"

Nilirudi nyuma, nikaingia upya, nikasema "yuko." Akanipa kaimati mbili. Tangu siku hiyo nilikosea makusudi nilipokuwa na njaa, maana kila kosa lililosahihishwa lilikuwa na malipo yake.

Chini ya meza ya kukatia vitambaa, tukiwa tumejilaza juu ya vipande vilivyobaki, ndipo nilipomweleza rafiki yangu habari za kwetu. Nilitarajia anionee huruma. Badala yake akauliza:

"Kwa hivyo wewe husema chochote unachotaka, na wao hawawezi kujua?"

"Mimi husema walichosema."

"Kila neno?"

"Kila neno."

Akanitazama kama mtu aliyepewa ufunguo wa duka la peremende akautumia kukunia mgongo.

Mwezi wa nane, shule zikiwa zimefungwa, nilishikwa na mafindofindo, na sauti ikaisha kabisa. Jumamosi hiyo rafiki yangu alikuja kunijulia hali. Alinikuta kitandani shingo imefungwa leso. Baba alikuwa kwenye kiti chake nje, mama jikoni, na kwa saa kadhaa nyumba ilikuwa haijapitisha ujumbe wowote. Mama alimwona mgeni wangu, akasita, kisha shida ikamshinda.

"Ebu mwambie baba ya huyu chakula ni hicho."

Rafiki yangu alitoka. Dirisha lilikuwa juu ya kitanda changu, nikasikia yote. Kikamba alikiongea kama sisi, maana alizaliwa pale pale Migwani, lakini aliniambia baadaye kwamba kwa kazi nzito kama ile Kikamba chake hakikuwa na adabu ya kutosha.

"Shikamoo, baba," alisema kwa Kiswahili cha bibi yake.

Baba hakuwahi kupewa shikamoo maishani, maana kwetu bara haikutumika. "Asante," akajibu.

"Mama akusalimu sana. Asema chakula ki tayari, na kama umechoka, usiinuke, utaletewa."

Nilisikia kiti kikilia.

"Amesema hivyo?"

"Ndivyo alivyosema."

"Mwambie... mwambie nashukuru."

Akaingia jikoni mbio. "Mama, baba ashukuru mno. Asema Mungu aibariki mikono yako."

Mwiko uliacha kukoroga. Nilijaribu kupiga kelele pale kitandani, ikatoka hewa tupu kama ya baiskeli iliyotobolewa. Mama akamtuma tena, safari hii akaulize kama baba anataka chai. Aliporudi, baba alikuwa ametaka chai, na pia alikuwa ameona kwamba mama amekonda, na jambo hilo lilikuwa likimnyima usingizi. Nilivuta blanketi hadi machoni.

Angeishia hapo, pengine mambo yangekwenda polepole. Lakini alikuwa amenogewa. Safari ya nne alitangaza jikoni: "Na asema Jumamosi ijayo ataenda Tseikuru kuirudisha cherehani."

Nilisikia mwiko ukiwekwa chini. Nilisikia hatua za mama zikipita sebuleni, zikitoka nje. Rafiki yangu alikimbilia kwangu, akaingia chini ya blanketi langu.

"Ni kweli utaenda Jumamosi?" mama aliuliza. Yeye mwenyewe, kwa mdomo wake, baada ya miezi mitano.

Baba alikuwa na muthokoi mdomoni. Alitafuna kwa muda mrefu sana.

"Nitaenda," akasema.

Alienda kweli. Cherehani ilirudi, na shangazi akarudi nayo akiwa ameketi kando yake, akakaa kwetu wiki tatu ili afundishwe kushona. Kazi yake yote ya miezi mitano ilikuwa suruali moja aliyomletea baba zawadi, mguu mmoja ukiwa na nafasi ya kufuga kuku. Baba aliivaa kanisani. Mama naye aliyatoa maneno yote aliyokuwa amehifadhi, kuanzia Jumapili mpaka Alhamisi bila kupumzika, na mara kwa mara baba alinitupia jicho la mtu anayetamani kurudishiwa tarishi wake.

Nilipokuwa mtu mzima nilimwuliza mama kama aliamini zile salamu.

"Baba yako aibariki mikono yangu?" Alicheka hadi akashika ubavu. "Nilijua tangu neno la kwanza. Lakini nilikuwa nimechoka, na mtoto wa watu alikuwa amejitahidi."

Nilidhani mimi ndiye niliyekimbilia kwao na rafiki yangu alikuja kwetu kunitembelea tu. Mwaka uliofuata ule wa cherehani, kaka yake mkubwa alirudi kutoka Mombasa akiwa mtu mwingine, wa kuvunja vyombo na kupigia ukuta kelele. Kumbe hata kabla ya hapo, likizo zote rafiki yangu alizokuja kwetu, alikuwa akikimbia kwao kaka huyo akiwa nyumbani. Katika kelele za ule ua nilizozipenda, nyingine hazikuwa za furaha, na sikuwahi kuzitofautisha.

Asubuhi moja rafiki yangu alifika kwetu bila mtandio, mguu mmoja una ndara na mwingine hauna. Mara hii yeye, aliyejua maneno kuliko sisi sote, hakuwa na hata moja. Mama alimtazama, akasogeza kigoda, akampa ungo wa dengu achague mawe. Nikaketi kando yake, tukachagua. Baba alipita, akaona, akavua kofia, akapita tena kwa ncha za vidole vya miguu kama mtu aliyechelewa kanisani.

Rafiki yangu alikaa hadi saa kumi, na kila ungo ulipoisha mama aliujaza tena. Dengu za siku hiyo zilikuwa safi kuliko zote tulizowahi kula, na tulizila wiki mbili, kwa sababu tulichagua debe zima.