Kipimo Kisicho na wa Kukipokea

Saa mbili asubuhi, mlango umerudishwa, na fundi anaongea na cherehani.

"Kifua thelathini na nane!" anapaza sauti, futi ya kupimia shingoni, chaki mkononi. Anasubiri. Kimya. Anakitazama kitambaa, anakunja uso. "Nimesema ngapi vile?"

Ana miaka sabini na moja. Mtaani wanamwita Bibi Pindo, maana enzi zake pindo lake hata ulivute kwa trekta halifumuki. Siku hizi anashonea kwenye chumba cha nyuma, nyumbani kwa binti yake: kitanda, cherehani, na dirisha linalotazama ukuta wa jirani. Binti anatoka asubuhi kwenda kazini, anarudi jioni yuko hoi. Katikati hapo ni yeye na kuta zake.

Zamani wapi! Walikuwa mafundi wanne kwenye baraza moja, na hakuna aliyeandika kipimo. Anayepima anapaza sauti, mwenzake anakipokea. Na kupokea bila utani kulikuwa hakuhesabiki.

"Mimi nasema, kiuno arobaini na nne! Mwenzangu Kipara ananijibu, arobaini na nne, huyo akikaa sisi tunahama!" Bibi Pindo anacheka mpaka anashika mbavu. "Mteja mwenyewe hoi kwa kicheko. Sasa kipimo hicho utakisahau vipi?"

Kipara ndiye aliyekaa naye cherehani kwa cherehani miaka yote. Halafu mwenye jengo akabomoa baraza, akaweka maduka ya vioo. Mafundi wakatawanyika kama vifungo vilivyomwagika sakafuni. Wawili wameshatangulia. Kipara alihamia kwa mwanawe, upande wa pili wa mji.

Basi, kidogo kidogo vitu vikaanza kumponyoka. Kwanza majina ya wateja. Chai akawa anaipika mara mbili. Binti akasema uzee huo, nani hazeeki? Mpaka mwezi uliopita, jirani aliporudisha shati la mumewe alilomshonea, lina mikono miwili ya kushoto.

"Nilicheka, sikufichi," anasema binti. "Halafu nikamtazama mama usoni. Anaugeuza ule mkono, anaugeuza, haoni kosa liko wapi. Kicheko kikanikauka."

Muuguzi wa zahanati hakumung'unya maneno. "Umri una sehemu yake," aliwaambia. "Lakini mtu mzima akikosa wa kuongea naye, ubongo nao unakosa kazi, na kusahau kunaweza kuongeza mwendo. Dawa ya kurudisha yaliyokwenda sina. Mtafutieni watu."

Watu wanauzwa duka gani? Jioni moja binti alijaribu mwenyewe.

"Kifua thelathini na nane!"

"Thelathini na nane, mama."

"Na utani?"

"Mama jamani, nimechoka."

Binti anataka cherehani iuzwe, kabla mama hajajishona vidole. Likitajwa hilo, Bibi Pindo anaifunika kwa kanga na kukaa karibu nayo kama mgonjwa wake. "Ikitoka hii," anasema, "na mimi nihesabuni nimetoka."

Wamefikia mapatano. Jumapili cherehani inapakiwa kwenye mkokoteni, inapelekwa kwa Kipara. Wazee hao wakiweza kushona pamoja, itabaki huko, na binti atakuwa anampitisha mama yake kila asubuhi akienda kazini. Wakishindwa, inauzwa.

Tatizo, mtoto wa Kipara ameshapiga simu kuwaonya: siku nyingine baba yake hamtambui hata yeye.

"Sasa asipokukumbuka, mama?" anauliza binti, taratibu.

Bibi Pindo anapangusa chaki kwenye gauni. Anavua futi shingoni, anaikunja mpaka mwisho, utadhani naye ameshasahau alichoulizwa.

"Mimi anaweza kunisahau, mwanangu, na mimi nasahau watu. Nitasimama mlangoni kwake niseme, kiuno arobaini na nne!" Anaitia futi mfukoni. "Tuone kama atanyamaza."