Meno Niliyomwekea Mama Turfena

Asubuhi moja ya mvua hainitoki kichwani, mwanangu. Nakumbuka nimesimama kando ya reli pale Laini Saba, Kibera, viatu vimejaa matope, nimekumbatia katoni kifuani, na nimefurahi mpaka najicheka mwenyewe. Nilikuwa na miaka ishirini na moja. Ndani ya ile katoni kulikuwa na programu mia mbili za mazishi, zile karatasi za ratiba zenye picha ya marehemu, kazi ya kwanza niliyoifanya peke yangu toka mwanzo hadi mwisho. Nilikuwa na hakika watu wakiziona watauliza, "Huyu kijana aliyetengeneza ni nani?"

Na waliuliza kweli. Lakini ngoja nirudi nyuma kidogo, maana mimi nikiachiwa naanza hadithi mkiani.

Jumatatu unaanza atachimenti, mafunzo yako ya kazini. Umenionyesha ofisi yenyewe kwenye simu: vioo kila mahali, viti vya rangi, mashine ya kahawa inayonguruma peke yake. Nimefurahi, haki ya Mungu. Yangu mimi ilikuwa chumba kimoja juu ya hadwea, duka la vifaa vya ujenzi, pale Kawangware 56, ngazi za mbao zinalia kila ukikanyaga. Chini wanakata mabati, sisi juu tunachora. Nilikuwa mwaka wa pili chuoni, nasomea grafiki, na kichwa kimenivimba kwa sababu mwalimu aliwahi kubandika kazi yangu ukutani.

Mwenye studio alikuwa Mzee Wekesa, mtu wa Bungoma, mpole, mchache wa maneno. Alianza maisha kwa brashi, akichora mabango ya vinyozi na mama mboga, na rangi ilimkaa kwenye kucha hata Jumapili kanisani. Baadaye akanunua kompyuta na mashine ya kuchapa. Sheria yake ilikuwa moja tu. Kazi haichapwi mpaka mteja mwenyewe aone sampuli kwa macho yake na kuweka sahihi nyuma ya karatasi. Hata kama ni kadi ya harusi ya binamu yake. Hata kama mwenyewe anakaa mbali kule Rongai. Sisi vijana tulimwona mzee wa mambo ya kale, na tulikuwa tukimwigiza akishuka ngazi, kwapani ana bahasha ya sampuli.

Sasa, Jumatano akaja fundi seremala mmoja wa Laini Saba, Ouma. Mama yake alikuwa amefariki Jumapili, Mama Turfena, na Ijumaa saa nane mchana basi lingeondoka na familia kumpeleka nyumbani, Alego. Alitoa picha kutoka ndani ya Biblia. Akaishika muda kabla ya kunipa.

"Ni hii tu tuko nayo," akasema. "Hakupenda picha."

Kwenye picha mama alikuwa anacheka, mdomo wazi, uso umejaa mikunjo. Na chini, mbele, hakuwa na meno. Pengo pana, jeusi. Mimi mtoto wa Kawangware nikasema moyoni, maskini, uzee.

Mchana ule Mzee Wekesa alienda Riruta kufunga bango la zahanati. Nikabaki mimi na kompyuta. Mvua ikaanza juu ya mabati, ile mvua ya kusinzia, chumba kikawa na mwanga wa samawati kutoka kwenye kioo cha kompyuta, na uso wa yule mama ukawa mkubwa mbele yangu, mkubwa kuliko wangu. Mwanangu, sijui nikueleze vipi. Nilikuwa kama niko ndotoni. Nikaanza na mkunjo mmoja karibu na jicho. Ukapotea. Nikagusa mwingine. Kila nikigusa, miaka inamtoka, na nikaona kabisa kwamba ananishukuru. Halafu nikafika mdomoni. Pale studio tulikuwa na picha ya msichana wa kalenda ya saluni, meno yake meupe yamepangika. Nikayachukua. Nikayapunguza, nikayapaka umanjano kidogo yafanane na ya juu, nikayakalisha kwenye lile pengo. Yalikaa! Ungedhani amezaliwa nayo. Nikaegemea kiti nikatazama nje, na badala ya matope ya 56 nikaona maghorofa ya katikati ya mji, na kazi zangu zimening'inia ukutani kila mahali.

Alhamisi ilikuwa siku ya kupeleka sampuli Kibera. Mvua haikukatika. Nikasema, kwani Ouma ataona nini cha kukataa? Saa kumi Mzee Wekesa akaniuliza akiwa amenipa mgongo, anawasha mashine:

"Mwenyewe ameona?"

"Ameona," nikasema.

Neno moja. Lilinitoka laini mpaka mimi mwenyewe nikaliamini. Naye akaniamini, hakugeuza hata karatasi kutafuta sahihi, kwa sababu hakuna aliyewahi kumdanganya juu ya hilo.

Basi ndivyo nilivyofika Laini Saba Ijumaa saa tatu asubuhi na katoni yangu, na ile picha nikamrudishia Ouma, akaiweka kwenye Biblia. Walikuwa wamefunga turubai mbele ya nyumba, wanawake wamekaa kwenye mabenchi, sufuria ya chai iko motoni, moshi na ukungu vimechanganyika huwezi kujua kipi ni kipi. Ouma akafungua katoni. Akatoa moja. Akaitazama, akaigeuza, akaitazama tena. Akampelekea mwanamke mzee aliyekaa peke yake kwenye kiti cha plastiki. Huyo alikuwa Mama Dorka, mdogo wake marehemu, ndugu pekee aliyebaki.

Mama Dorka aliishika karatasi mbali na macho, kisha karibu.

"Huyu ni nani?"

"Ni Mama Turfena," nikasema, na bado natabasamu, fikiria ujinga huo.

"Turfena gani?"

"Nimemrekebisha kidogo tu, mama. Nimemwekea meno. Yale yaliyopotea."

Hata aliyekuwa anamimina chai akaacha.

"Nani alikwambia yalipotea?" Mama Dorka akauliza.

Akafungua mdomo wake. Akauvuta mdomo wa chini kwa kidole ili nione vizuri. Pengo lile lile, pana, mbele, chini.

Halafu akaniambia, polepole, kama mtu anayesimulia ndoto ya jana. Zamani kwao mtoto akikua alitolewa meno sita ya chini, na hapo ndipo alipohesabiwa kuwa mtu kamili. Yeye na Turfena walipelekwa siku moja. Dorka alikuwa mdogo na alikuwa anatetemeka kama kuku aliyenyeshewa. Turfena akasema aanze yeye. Akakaa, akatolewa yote sita, hakupiga hata kelele moja. Alipomaliza akamgeukia mdogo wake, damu bado kidevuni, akacheka. Akacheka kwa nguvu, mdomo wazi, ili mtoto asiogope.

"Hicho kicheko ndicho kiko kwa picha," Mama Dorka akasema. "Mimi nimeishi na hicho kicheko tangu nikiwa mtoto. Wewe umekiziba."

Akanirudishia karatasi.

"Huyu msichana wako ni mrembo. Mrudishe kwao. Sisi tunamzika Turfena."

Wueh! Mwanangu, nilikufa ganzi. Nilitamani ile reli inibebe. Ouma akanivuta kando.

"Kwani Mzee Wekesa hakuona hii kitu?"

Hapo nilikuwa na njia ya kupita. Ningesema mashine iliharibika. Ningesema ni mzee alikosea. Ulimi ulikuwa umeshajipanga, sikufichi. Lakini nikamwona Mama Dorka pale kwenye kiti, mikono mitupu mapajani, nikauacha uongo.

"Aliniuliza kama umeona sampuli," nikasema. "Nikamdanganya. Ni mimi."

Ouma alikuwa na mikono ya seremala, na nilidhani atanizaba kofi. Angenizaba, ningeshukuru. Badala yake akafungua tena Biblia, akanipa ile picha.

"Saa nane basi linaondoka," akasema. "Halingoji mtu. Ukipoteza hiyo picha usirudi Kibera."

Sikumbuki vizuri nilivyofika 56. Nakumbuka nimeweka picha ndani ya shati, juu ya ngozi, na ninaishikilia njia nzima. Nilipanda zile ngazi nikamwambia Mzee Wekesa kila kitu, hata kwamba kwenye kompyuta sikubakiza nakala ya asili, nikiwa nimesimama mlangoni, hata kuingia nilishindwa. Nilikuwa nalia. Yeye akachukua ile programu niliyorudishiwa, akaitazama sana. Nilingoja aniambie nichukue mkoba wangu niende, na kitabu changu cha atachimenti kiende bila sahihi.

"Utalia baadaye," akasema. "Saa hii skani hiyo picha. Na usiiguse."

Ile mashine yetu ilikuwa kongwe kuliko mimi. Ilitoa karatasi moja, inapumua, inatoa nyingine. Tulikunja kwa mkono, yeye na mimi. Saa saba ikapita na tulikuwa tumemaliza sitini tu. Akaomba pikapu ya jirani wa hadwea, tukaondoka na hizo sitini.

Basi lilikuwa limeshawashwa. Watu wote wamo ndani, mizigo imefungwa juu, dereva anapiga honi. Mama Dorka alikuwa amekaa kiti cha kwanza, dirishani, anatazama mbele kama haoni. Mzee Wekesa akanisukuma mgongoni. Nikapanda, nikampa moja kwa mikono miwili, nikainamisha kichwa.

Aliishika mbali na macho. Kisha karibu. Kidole chake kikaenda mdomoni mwa dada yake, kwenye lile pengo, kikatulia hapo. Na akafunguka. "Turfena! Turfena nyar Alego! Turfena!" Alilia, akimwita binti wa Alego, kwa sauti ambayo sijawahi kuisikia kwa mtu wa umri wake, na wanawake wa nyuma wakampokea, kiti baada ya kiti, mpaka basi zima likawa linaomboleza. Ouma, amesimama mlangoni, machozi yanamdondoka kwenye kola, akaniambia sikioni:

"Tangu Jumapili hajalia. Hata chozi moja."

Basi likaondoka. Nikabaki barabarani, na ndipo nikaelewa nilichokuwa nimefanya. Yule mama alikuwa anangoja kumwona dada yake amlilie, na mimi nikamletea mgeni.

Sikufukuzwa. Wiki zote zilizobaki nilifanya kazi moja, kupeleka sampuli kwa miguu, Riruta, Kibera, popote, kunyeshe kusinyeshe. Kwenye kitabu changu Mzee Wekesa aliandika hivi: "Mashine anaijua. Watu ameanza kuwajua." Chuoni walinipa alama za wastani na sikubisha. Miaka imepita mingi, na bado kuna usiku namwota Mama Turfena. Hanigombezi. Anacheka tu, mdomo wazi, nami ninaamka nikiwa na amani fulani ambayo siwezi kuieleza.

Sasa sikia, mwanangu. Ile kazi iliyonichukua mchana mzima, simu yako inaifanya kabla hujakohoa. Inalainisha uso, inajaza meno, hata haikuulizi. Huko uendako watakupa sura za watu, majina ya watu, mashati ya timu zao, mabango ya makanisa yao, na mkono utakuwasha kurekebisha. Utaona kasoro kila mahali, maana ndivyo tulivyofundishwa, kutafuta kasoro. Kabla hujafuta kitu, muulize mwenyewe: hiki ni nini kwako? Uliza hata kama utaonekana mshamba. Uliza hata kama bosi ana haraka na wenzako wanakucheka. Mpelekee kazi aione kwa macho yake kabla haijachapwa. Akikwambia acha, acha. Na usiseme ameona kama hajaona. Ukisema hivyo mara moja, ustadi wako wote unakuwa wa kumdhuru mtu, na unaweza usijue umemdhuru nani.

Mungu akupe mkono mwepesi na jicho lenye huruma. Akukutanishe na watu watakaokwambia ukweli usoni, na akupe masikio ya kuusikia. Kazi yako iwe ya kupendwa na wale walioiomba kabla ya kusifiwa na mabingwa wa fani. Na siku utakapokosea, maana utakosea, akupe moyo wa kusimama mbele ya wenyewe na kusema: ni mimi.