Jina Nililolikata kwa Kalamu Nyekundu

Nakumbuka alasiri moja kule Matisi, mwanangu, nilipokata jina la mtu kwa kalamu nyekundu nikajiona nimefanya kazi safi kabisa. Ilikuwa miaka ya themanini. Mwaka wenyewe umenitoka. Nilikuwa nimetoka Bungoma na cheti changu cha kidato cha nne, nikapewa darasa la ngumbaru mjini Kitale, kuwafundisha watu wazima kusoma na kuandika katika kanisa la mabati pale mtaa wa Matisi. Nilikuwa na miaka ishirini na miwili na nilijua kila kitu. Usicheke, na wewe utafika hapo, kama hujafika.

Katika darasa lile alikuwamo mama mmoja Msabaot kutoka mlimani Elgon, jina lake Chebet. Alikuwa amefiwa na mume na ana watoto watatu. Kule mji mdogo wa Kwanza kulikuwa na ghala la mahindi lililotaka mtu wa kupima magunia, na mwenye ghala alimwambia wazi: leta barua kwamba umehitimu ngumbaru, kazi ni yako. Barua zilitoka kwa orodha yangu, na orodha ilikuwa iende ofisini kesho yake asubuhi.

Sasa, Chebet alikuwa akianza sentensi na kitendo, kama wasemavyo kwao. Ukimwambia aandike habari za nyumbani, anaandika, "Aliuza mama mahindi." "Alikamua mtoto ng'ombe." Nilimrekebisha miezi sita, na akichoka kidogo tu anarudi palepale. Mimi, Mbukusu, kwetu mwenye kutenda ndiye hutangulia, kama ilivyo kwa Kiswahili. Nikaamua huyu mama akili yake inaenda kinyumenyume, magunia atayapimaje? Nikamkata.

Msimamizi wetu alikuwa mama wa makamo kutoka Kimilili, tulimwita Mama Nasimiyu. Hakuwa mtu wa kupaza sauti. Alikuja kupitia orodha wakati wanafunzi bado wamekaa, akaona wekundu.

"Huyu amekosa nini?"

"Mama, huyu hata kufikiri anafikiri nyuma mbele," nikasema, na sikusema kwa sauti ya chini. Chebet alisikia. Aliinamisha kichwa akaanza kukunja daftari lake.

Mama Nasimiyu akachukua gorogoro, lile kopo la kupimia mahindi, lililokuwa pembeni limejaa, akasimama mbele ya darasa zima na kuyamwaga mahindi yote kwenye kikapu. "Mmeona?" Tukasema tumeona. "Basi tokeni nje nyote. Mtaingia mmoja mmoja, mniambie nilichofanya. Kwa mikono tu. Mdomo ufungwe. Mwalimu aanze."

Niliona ni mchezo wa watoto, lakini ni mkubwa wangu, ningefanyaje? Nikaingia. Nikagusa kichwa kuonyesha kitambaa chake, yaani yule mama. Nikaviringisha mikono, gorogoro la mahindi. Halafu nikamwaga. Akaniambia nikae pale nitazame wengine.

Akaingia mzee mmoja Mturkana wa mtaa wa Kipsongo. Kitambaa, gorogoro, akamwaga. Akaingia mama wa kwetu Bungoma. Kitambaa, gorogoro, akamwaga. Akaingia Chebet, macho yake chini. Akagusa kichwa, akaviringisha gorogoro, akamwaga.

"Haya, mwalimu," Mama Nasimiyu akaniuliza, "kwa lugha ya kwenu ungelisemaje jambo hili?"

"Mama amemwaga mahindi."

"Na mikono yako imesemaje?"

Nikafikiri. "Mama, mahindi, amemwaga."

"Kumbe hata wewe hukufuata lugha yako. Sasa wewe akili yako inaenda wapi?"

Nikairudisha kalamu nyekundu mfukoni, mwanangu.

Akanieleza bila hasira. Alikuwa na kaka asiyesikia, na nyumbani kwao walipita wageni wa kila kabila. Kila aliyetaka kumwambia kaka yake habari kwa mikono alianza na mtu, akaja kwa kitu, akamalizia na kitendo, hata kama mdomoni huyo mgeni alipanga vingine. "Vichwa vyetu vinapenda kumwona mtu kwanza," akasema. "Lugha zinapanga baadaye, kila moja kivyake. Kiswahili cha huyu mama kirekebishe, ndiyo kazi yako. Akili yake usiiguse."

Niliaibika mpaka nikatamani kurudi kwetu kwa miguu. Lakini wote waliporudi ndani nilisimama mbele yao nikamwomba Chebet msamaha, nikaandika jina lake upya kwa wino mweusi, yeye mwenyewe akitazama. Akasema, "Nimesikia mimi, mwalimu." Sikumrekebisha. Wiki iliyofuata alianza kazi kule Kwanza, na alipima mahindi ya watu pale miaka mingi, hadi watoto wake wote watatu wakamaliza shule. Hapo ndipo hunishika baridi: watoto watatu, na mimi na kikalamu changu.

Mama Nasimiyu nilimzika miaka ya tisini, kwao Kimilili, na nililia kama niliyemzika mzazi. Angeweza kuniripoti. Angeweza kunifukuza. Alinifundisha tu, nami namshukuru hata leo ninapokueleza haya.

Kwa hiyo nisikilize. Utakutana na watu wanaopanga maneno tofauti na wewe, kazini, kanisani, pengine hata kwa wakwe zako. Usiwapime akili kwa mpangilio wa maneno yao. Mwache mtu amalize, umwombe akuonyeshe, utakuta mmeona jambo moja. Na ukigundua umemkosea, mwombe radhi palepale ulipomkosea, mbele ya walewale waliosikia.

Mungu akubariki, mwanangu, na akupe mtu wa kukukemea mapema, orodha ikiwa bado mikononi mwako.