Vidonge Tisa vya Karani wa Mzani

Karani wa mzani hapendwi na mtu. Mume wangu Kiptum alishika kazi hiyo miaka saba, katika kituo cha kununua majani chai kilicho juu ya kwetu, na sijasikia hata siku moja mkulima akishuka kutoka pale akisema kilo zake zimetosha. Mvua ikinyesha, karani lazima akate kilo za maji. Akikata, ni mwizi. Asipokata, kiwandani watamuuliza yeye. Wanawake walimtania wakiinua magunia: "Karani, huo mkono wako ni mzito kushinda majani yangu!" Yeye alicheka tu, akaandika. Mimi nilimtetea mpaka mtoni. Nilijua hawezi kuchukua hata kijiko cha chumvi cha mtu.

Kifua kilimwanza mwaka wa tisini na tano. Alidungwa sindano miezi miwili, akameza vidonge mpaka vikaisha, akarudi kazini. Baada ya mwaka kikohozi kikarudi, safari hii na damu. Makohozi yakapelekwa Nairobi. Majibu yalipofika, yalisema wadudu wa kifua chake wameshazoea zile dawa za kwanza, haziwaui tena. Ndipo Daktari Onyancha wa hospitali ya misheni akamwanzishia dawa nyingine, na kati yake kulikuwa na vidonge vyeupe, virefu, viwili kila asubuhi, sitini vya mwezi mzima. Kiptum aliporudi nyumbani aliketi mlangoni akaniambia maneno ya daktari: "Amesema hii isiposhika, hana nyingine."

Daktari alikuwa ameagiza pia tulale mbali. Mimi na mtoto wetu Cherono, aliyekuwa na miezi mitano, tukahamia nyumba ya jikoni.

Siku moja nilienda Kericho kutafutia mtoto dawa ya utando wa mdomoni. Kwa duka la dawa la Mama Nyathira, mbele yangu alikuwa kijana kondakta, amejiegemeza kwenye kaunta.

"Mathe, nipe ile ya kukojoa moto."

"Tena? Si mwezi jana nilikupa? Wewe utaoza ukitembea."

"Nisaidie tu, gari inaniacha."

Nyathira akamhesabia vidonge viwili. Vyeupe, virefu, na mstari katikati. Nilivitazama mpaka kijana akavitia mfukoni. Alipotoka nikauliza polepole, kama mtu anayeuliza habari za jirani, "Mama, hiyo inaponya kifua pia?"

"Kifua?" Nyathira alicheka mpaka akashika kaunta. "Kifua gani iko huko chini? Hiyo ni ya kisonono, mama. Anameza mbili, amepona."

"Na mtu akipewa sitini?"

Akaacha kucheka. "Sitini? Huyo usikae karibu na yeye."

Nilirudi nyumbani na dawa ya mtoto mkononi, na kila kitu kikajipanga chenyewe. Kulala mbali. Ile semina ya makarani kule Londiani, siku tatu, akarudi amenunua shati jipya. Kadi ya hospitali anayoiweka juu ya kabati, mahali nisipofika. Sikumuuliza. Mgonjwa wa kutema damu utamwulizaje neno kama hilo? Nikaanza kunusa makoti yake. Akisalimiana na mwanamke njiani, mimi namtazama yule mwanamke miguu mpaka kichwa.

Kwenye kliniki ya wajawazito tulikuwa tumefundishwa jambo moja, nami nilikuwa nimelishika vizuri: ugonjwa wa namna hiyo hutibiwa mume na mke pamoja, la sivyo unazunguka tu. Na mimi nilikuwa nanyonyesha. Basi kila asubuhi, Kiptum akishameza vyake na kutoka kuota jua, nilifungua mkebe nikameza kimoja. Nilifanya hivyo siku tisa. Siku ya kumi nikaona vimepungua sana, nikaogopa, nikaacha.

Siku ya ishirini tangu Kiptum aanze dawa hiyo, tukaenda hospitali wote. Sista Rodah alimwaga vile vidonge vyeupe kwenye sahani, kule barazani, wagonjwa wengine wakiwa kwenye benchi. Akahesabu, akarudia.

"Zilitakiwa zibaki ishirini. Ziko kumi na moja." Akamwangalia Kiptum juu ya miwani. "Bwana karani, kule unakata kilo, hapa unakata vidonge? Unauzia nani?"

Benchi lote likacheka. Kiptum hakucheka.

"Nilifikiri nilipewa pungufu," akasema. "Sikutaka kusema. Mimi naitwa mwizi kila siku, najua vile inauma."

Daktari Onyancha akatoka chumbani kwake. Alisema bila hasira, na hiyo ilikuwa mbaya zaidi: dawa ni chache, kuna msichana anayezingoja, na mtu anayeruka siku anawafundisha wadudu kuishinda na hii pia. Kama Kiptum hawezi, aseme, yule msichana aanzishiwe. Kiptum alifungua mdomo, kikohozi kikamshika. Nikaona damu kwenye kitambaa chake.

"Ni mimi," nikasema. "Nilikula mimi. Tisa."

"Kwa nini, mama?"

"Kwa sababu ni dawa ya kisonono."

Hakuna aliyecheka. Kiptum alinigeukia, na macho yake siwezi kuyaandika.

Daktari akaketi kwenye benchi. "Panga ya kupogolea chai, nyumbani si unapasulia nayo kuni?"

"Napasulia."

"Basi. Hii dawa ilikuja kwa kazi hiyo uliyosikia. Halafu watu wakajaribu, wakaona inaua na hawa wa kifua. Huko ni vidonge viwili. Hapa ni miezi mingi." Kisha akamtazama Cherono mgongoni kwangu, akaniuliza kama nanyonyesha, akamshusha akampima mwenyewe. Mtoto alikuwa mzima. Nilikemewa kwa kumeza dawa nikinyonyesha, na nilistahili. Kiptum akapewa vidonge vingine, kwa sharti moja: kila asubuhi nimwone akimeza, nami nitie alama kwenye kadi.

Njiani kurudi alitembea mbele. Tulipofika kwenye daraja nikashindwa kujizuia.

"Baba Cherono, niambie tu. Londiani hukufanya kitu?"

Alisimama apumue. "Ungeniuliza siku ile, ningekujibu. Sasa hata nikikujibu, si utaenda kuuliza mwenye duka?"

Nikamfuata nyuma mpaka nyumbani.

Mwezi wa nne wa dawa, majibu ya makohozi yake yalirudi bila mdudu, na mara ya pili vivyo hivyo. Bado yuko kwenye dawa. Kila asubuhi anaketi juani, anameza vyote, kisha anafungua mdomo, anainua ulimi, na mimi nainama niangalie kama nilivyoagizwa.

"Umeona?" ananiuliza.

"Nimeona."

"Angalia tena," anasema, na hafungi mdomo mpaka niangalie.