Boga juu ya kabati

Marafiki, leo mama mukwe amepika mapambo yangu.

Madame anayetufundisha kazi za nyumba ku foyer, kituo cha wanawake, alisema kwao Ulaya, wakati majani yanaanguka, watu wanapamba salon, chumba cha wageni, na maboga. Leo alikuwa anapita hapa Kabondo kuangalia nani amepamba vizuri. Zawadi: sabuni ya kunukia.

Bon, boga nilikuwa nalo. Mama mukwe mwenyewe aliniletea toka shamba. Nikaliweka juu ya kabati, kwenye kitambaa cheupe nilichoshona.

Asubuhi mama mukwe akaingia, akaliona.

"Nilikuletea chakula, weye unakiangalia tu?"

Kwetu, kuacha zawadi ya mama mukwe bila kuipika ni sawa na kumurudishia.

Nikamupa kisu mimi mwenyewe.

Tukala. Mbegu akazianika juu ya kitambaa changu, moja-moja, kwa mistari, zikauke apate kupanda.

Madame akafika. Akaziangalia zile mbegu sana.

"Ah, joli! Mapambo mazuri sana!"

Nimeshinda, jamani!

Lakini sabuni, mama mukwe ameshaitia mu kitunga yake. Nikamuuliza ataoga nayo lini.

Eti hataoga nayo. Ataiweka juu ya kabati, ya kuangalia.

Nyie mungemujibu nini?