Samaki Wawili wa Kijani

Nilipiga kelele ndani ya jumba la makumbusho, hapa hapa Maskati, mpaka mlinzi akaja mbio. Nifanyeje? Kabatini palikuwa na sahani ya kijani ya Kichina, ya karne na karne, na katikati yake, chini ya ule mng'aro kama wa maji, samaki wawili walikuwa wakifukuzana.

Nawajua! Utotoni, kila nikishikwa na homa, mama aliniandikia aya za Kurani kwa zafarani na marashi juu ya sahani kama hiyo, akazikosha kwa maji, akanipa ninywe.

"Kunywa kombe lako mpaka uwaone samaki," akiniambia. Nami nikinywa kwa pupa, si kwa dawa, kwa hamu ya samaki.

Niliendesha gari mpaka nyumbani Al Hail, nikaingia jikoni na viatu vyangu. Sahani ilikuwepo. Mama kaanika pilipili juu yake!

"Mama! Pilipili? Sahani kama hii watu wameifungia kwenye kioo, na mlinzi kando yake!"

Hakushtuka hata kidogo. "Hao wakiumwa wanaandikiwa wapi?"

Nikaanza kumsomesha: udongo gani, tanuri gani, safari gani ya bahari. Nilikuwa nahema, jasho linanitoka. Akaniwekea kiganja kwenye paji la uso.

"Una homa wewe. Kaa."

Akamwaga pilipili, akaiosha sahani, akachukua zafarani. Nilikuwa mzima kabisa. Nikanywa mpaka nikawaona.