Kidole Kilichobaki Nyuma

"Jirani, huyu mwanao anasoma au anaimba?"

Bi Ummkulthum aliuliza hivyo dirishani, ungo wa mchele mkononi, wala hakuwa na ubaya. Mwatum akacheka, akamjibu kuwa Kurani ikisomwa vizuri lazima ivutie masikio. Lakini aliporudi ndani, swali likaingia naye.

Nadhira, binti yake wa miaka saba, alikuwa mkekani na juzuu yake, anasoma kwa sauti tamu ya kumliza mtu. Mwatum akajisogeza. Ndipo alipokiona kidole. Ulimi wa mtoto ulikuwa ushafika mwisho wa ukurasa, kidole bado kiko mstari wa pili, kimetulia kama mgeni anayengojea kahawa. Akamwonyesha neno moja la katikati alisome. Mtoto akalitazama, akamtazama mama yake, kisha akaanza sura upya kutoka bismillahi.

Mambo aliyokuwa akiyapuuza yakaanza kumrudia. Nadhira alichelewa kusema, na mpaka leo kabati analiita bakati. Siku za wiki hazimkai kwa mpango. Be na te za Kiarabu kwake ni ndugu pacha, na kwenye daftari la skuli tumbo la herufi b halijui likae upande gani. Asubuhi ya skuli tumbo lake mwenyewe linauma, siku ya mapumziko haliumi. Na huyu huyu, mtume dukani vitu vitano, atakuletea vitano na chenji kamili.

Mwalimu Fathiya wa skuli pale Kikwajuni alimsikiliza mpaka mwisho. Akamwambia wapo watoto wenye akili timamu ambao herufi haziwatulii, hali hiyo huitwa disleksia, wala si uvivu wala ukaidi. Dalili peke yake si hukumu. Kwanza apimwe macho na masikio, kisha aonwe na mjuzi. Ila asingojewe akue, kwani mtoto akifundishwa mapema kwa njia yake, husoma. Akaongeza kuwa mara nyingi jambo hili hutembea katika damu.

Neno hilo la mwisho Mwatum alirudi nalo nyumbani. Mumewe, Abdulhakim, ni fundi makochi huko Mtoni. Tangu waoane, ujumbe wa simu humpa mkewe amsomee, akisema macho yake hayaelewani na vioo. Utotoni alichapwa sana katika chuo cha Kurani, hilo hulisema mwenyewe kwa mzaha. Mwatum hakuwahi kuyaweka mambo hayo mawili pamoja. Sasa yamekaa pamoja, na hana pa kuyapeleka. Akimtetea mtoto, atamvua nguo baba. Akinyamaza, mtoto ataumia.

Na Abdulhakim alikuwa keshaalika ndugu zake wa Chwaka. Nadhira anahitimu juzuu yake ya kwanza, na halua imeshaagizwa. Katika chuo chao, siku ya kuhitimu maalim hufungua juzuu popote apendapo, mwanafunzi akasoma kuanzia hapo mbele ya wageni. Mwatum alipodokeza kuwa mtoto hayuko tayari, mumewe akasema kama ni uvivu, dawa yake anaijua: akimwaibisha, ataondoka na shangazi yake siku hiyo hiyo, akafunge mwani Chwaka, kusoma basi.

Abdulhakim akamletea mtoto kombe, aya zilizoandikwa kwa zafarani kwenye sahani na kuoshwa kwa maji. Nadhira akalinywa lote kwa adabu. Kisha akamnong'oneza mama yake, "Mama, herufi nshazinywa. Mbona machoni haziji?"

Mwatum akamkumbatia. Aliswali, akaomba afunguliwe mlango, kila upande anaugusa ukuta. Jioni ya kuamkia shughuli akajitanda kanga, akaenda chuoni kwa Maalim Makungu. Alimkuta anakunja mikeka. Akamwamkia, akasimama pale pale kizingitini, akamweleza habari ya kidole na ya Mwalimu Fathiya. Ya simu hakuyagusa. Maalim akauweka mkeka chini, akamuuliza anataka afanyiwe nini.

"Maalim, kesho usimfungulie juzuu. Msikilize kwa ghibu, kama alivyohifadhi. Na wageni wakishaondoka, nisaidie kumwambia baba yake kuwa mtoto si mvivu. Mimi peke yangu siwezi."